Leseni ya Biashara si Cheti cha Mwendeshaji: Usalama wa Majumba ya Kurukia ya Watoto Arusha na Kandokando ya Mlima Meru

Majumba ya kurukia, yaani yale majumba ya turubai la plastiki yanayosimamishwa kwa upepo wa feni, yamekuwa sehemu ya kawaida ya furaha ya watoto katika Jiji la Arusha na vitongoji vya Mlima Meru. Huonekana siku za Idi na Krismasi, kwenye mahafali ya shule za awali, na penye bustani yoyote inayopokea familia mwisho wa juma. Pembeni yake husimama bembea za kuzunguka na treni ndogo za umeme. Makala haya yanashughulika na swali moja: ni nani aliyethibitisha kwamba kijana anayesimamia feni ile anaijua kazi yake? Swali hili ni la kisheria, lakini kasoro zake hujitokeza kwanza katika chumba cha dharura cha hospitali, ndiyo maana linamhusu mhudumu wa afya na mzazi kwa pamoja.

Tuanze na majeraha yenyewe. Utafiti mkubwa uliochapishwa Marekani mwaka 2012 ulikadiria kwamba kati ya mwaka 1990 na 2010 watoto 64,657 walitibiwa katika vyumba vya dharura vya nchi hiyo kwa majeraha ya majumba ya kurukia, na kwamba kuanzia mwaka 1995 hadi 2010 idadi hiyo iliongezeka mara 15. Zaidi ya robo ya majeraha hayo, asilimia 27.5, yalikuwa ya kuvunjika mifupa, na sehemu inayokaribia hiyo ilikuwa ya misuli kuvutika na viungo kuteguka. Kisababishi kikuu kilikuwa kuanguka. Vingine vilikuwa kujipindua na kugongana. Umri wa wastani wa majeruhi ulikuwa miaka saba na nusu. Mtoto wa umri huo akirushwa na mwenzake mwenye uzito mara mbili ya wake huangukia mkono ulionyooshwa, na mfupa wa juu ya kiwiko hukatika. Huo ndio upande wa kila siku wa jambo hili. Upande wa pili hutokea kwa nadra, nao huua.

Jumba la kurukia halina msingi. Likikunjwa, watu wawili watatu hulibeba na kulitupia nyuma ya pikapu. Likijazwa upepo, huwa na kuta kubwa kama tanga la jahazi. Tukichukua ukuta wa meta 4 kwa 4, upepo wa kilometa 38 kwa saa huusukuma kwa nguvu inayolingana na uzito wa karibu kilo 90. Mwendo wa upepo ukiwa maradufu, nguvu haiwi maradufu bali mara nne, karibu kilo 360. (Hewa ya Arusha, iliyo meta 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam, lakini tofauti hiyo haifiki hata sehemu moja ya tano, na hesabu iliyotajwa hapa imekwisha kuizingatia.) Kwa sababu hiyo kiwango cha Ulaya kijulikanacho kama EN 14960 kinataka jumba lifungwe mahali pasipopungua sita, kila mahali paweze kuhimili nyutoni 1,600, na lisitumiwe kabisa upepo unapozidi kilometa 38 kwa saa. Mwendo huo si wa tufani. Ni upepo ambao miti midogo yenye majani huanza kuyumba, kiasi ambacho mkazi wa Arusha hawezi hata kuufungia dirisha.

Pale ambapo vigingi haviwezi kupigwa, kwa mfano kwenye sakafu ya saruji au lami, kila kamba inahitaji uzito wa kilo 163. Mfuko wa saruji una kilo 50. Basi kamba moja yataka mifuko mitatu na ushei, na jumba zima mifuko kama 20. Jiwe la kuegemeza tairi na debe la mchanga havikaribii hesabu hiyo. Na kwenye udongo wetu wa majivu ya volkano, ambao kiangazi huwa vumbi jepesi, kigingi kifupi kilichopigwa wima hung'oka upesi. Chatakiwa kirefu, chenye kichwa cha mviringo kisichomjeruhi mtoto, kikipigwa kwa kulalia upande wa nje ya jumba.

Tarehe 26 Machi 2016, katika mji wa Harlow nchini Uingereza, jumba la namna hii liling'oka katika maonesho ya Pasaka likiwa na mtoto wa kike wa miaka saba ndani, likabingirika kiasi cha meta 300. Mtoto alifariki. Mwaka 2018 mahakama iliwatia hatiani waendeshaji wawili kwa kosa la kuua bila kukusudia kwa uzembe mkubwa, nao wakahukumiwa miaka mitatu gerezani kila mmoja. Makosa yao hayakuwa ya kitaalamu sana: hawakulifunga jumba ipasavyo, na hawakuifuatilia hali ya hewa.

Kisa cha Devonport, katika kisiwa cha Tasmania nchini Australia, kinatuhusu zaidi. Tarehe 16 Desemba 2021, wanafunzi wa shule ya msingi ya Hillcrest walikuwa wakisherehekea kufunga mwaka. Chamchela, kile kimbunga kidogo cha vumbi kinachozunguka juu ya ardhi iliyopata joto, ilipita uwanjani na kulinyanyua jumba. Watoto sita walikufa. Upande wa mashtaka ulieleza kwamba jumba lilikuwa limefungwa kwa vigingi vinne badala ya vinane. Mwaka 2025 hakimu alimwachia huru mwendeshaji, akiona kwamba chamchela ile isingeweza kutabirika na kwamba hata vigingi vinane huenda visingelizuia jumba lisinyanyuke.

Msomaji wa Kisongo, Oldonyo Sambu au Monduli hahitaji kuelezwa chamchela ni nini. Upande wa magharibi wa Mlima Meru, ulio mkavu kuliko upande wa Tengeru na Usa River, nguzo za vumbi huonekana tangu saa nne za asubuhi siku za kiangazi. Jambo lisilotabirika Tasmania ni jambo la kutazamiwa kwetu. Kwa maoni yangu, katika maeneo hayo jumba la kurukia lisisimamishwe mchana wa kiangazi kwenye uwanja ulio wazi wa udongo mtupu, hata likiwa limefungwa kwa ukamilifu. Uwanja wenye nyasi, uliozungukwa na miti au majengo, ni afadhali sana. Jumba lililo ndani ya ukumbi mkubwa ni afadhali zaidi.

Kuna na hatari ya umeme. Jumba huendelea kusimama kwa sababu feni haikomi kupuliza; umeme ukikatika, kuta hulala ndani ya muda mfupi na kuwafunika waliomo. Watoto watano hutoka wenyewe, lakini watoto ishirini wenye hofu hukanyagana mlangoni, na mdogo aliyeanguka chini hukosa hewa. Waya wa feni uliochubuka, ukipita kwenye nyasi zilizolowa, ni hatari nyingine ya peke yake.

Sasa tutazame karatasi. Mfanyabiashara anayekodisha jumba la kurukia Arusha huwa na leseni ya biashara inayotolewa na halmashauri chini ya Sheria ya Leseni za Biashara Na. 25 ya mwaka 1972. Leseni hiyo inathibitisha kwamba anafanya biashara kihalali na amelipa ada. Haipimi fundo la kamba. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya mwaka 2003, inayosimamiwa na OSHA, ina mkono mrefu zaidi: inataka mahali pa kazi pasajiliwe na kukaguliwa, na inawalinda hata wasio wafanyakazi dhidi ya hatari zinazotokana na shughuli za walio kazini. Mtoto anayeruka ndani ya jumba ni mmoja wa hao wasio wafanyakazi. Shirika la Viwango Tanzania linahusika na ubora wa bidhaa zinazoingia nchini, na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji lina sheria yake ya mwaka 2007. Vyombo basi vipo. Lakini vyote hukamata kwa urahisi kitu kilichotulia mahali pamoja, kama kiwanda au ukumbi. Jumba la kurukia Jumamosi liko Sakina, ndani ya Jiji. Jumapili liko Ngaramtoni, Halmashauri ya Wilaya ya Arusha. Sikukuu ikiangukia Jumatatu liko Usa River, Halmashauri ya Meru. Mamlaka tatu kuzunguka mlima mmoja, na pikapu hupita zote bila kusimama.

Nchi yetu imewahi kuonja msiba wa burudani ya watoto. Tarehe 1 Oktoba 2008, siku ya Idi el Fitri, watoto wapatao 20 walikufa mjini Tabora katika msongamano wa ukumbi wa disko. Jibu lililofuata lilikuwa marufuku: hadi leo polisi hutangaza kila sikukuu kwamba disko toto haliruhusiwi. Marufuku ile ilieleweka na ilistahili. Udhaifu wake ni kwamba iliitaja aina moja ya burudani, ilhali kilichoua kilikuwa watu kupita kiasi chini ya msimamizi asiyefundishwa wala kuwa na mamlaka ya kufunga mlango. Watoto waliozuiwa disko hawakubaki nyumbani. Walikwenda penye bembea na majumba ya kurukia, na yule msimamizi yu pale.

Kukagua chombo ni nusu ya kazi. Uingereza upo mpango uitwao PIPA, ambao jumba hukaguliwa kila mwaka na kubandikwa namba ambayo mkodishaji anaweza kuihakiki. Ni utaratibu mzuri, na ungeweza kuigwa kwa gharama ndogo. Hata hivyo mshono uliokaguliwa Januari hausemi lolote juu ya upepo wa Agosti. Anayeusoma upepo ni mwendeshaji, na huyo ndiye anayepaswa kuwa na cheti cha umahiri chenye jina na picha yake, si cha mwajiri wake. Awe amepimwa kwa vitendo: kufunga vigingi, kutumia kipima upepo cha mkononi, kuwapanga watoto kwa ukubwa, kulitoa kundi zima nje feni inapozimika, kutoa huduma ya kwanza. Hayo mtu hujifunza kwa siku chache, na vyuo vya VETA vina desturi ya mafunzo mafupi ya namna hiyo.

Ugumu uko kwingine. Mwendeshaji anayelipwa kwa kila mtoto aingiaye ana sababu ya kutouona upepo, na kijana aliyeajiriwa kwa siku moja ya sikukuu hawezi kumwambia mwenye mali kwamba biashara imefungwa. Cheti kisichompa haki ya kusimamisha mchezo na kurudisha fedha bila kupoteza ujira wake ni pambo. Halmashauri zetu zina uwezo wa kutunga sheria ndogo. Zikikubaliana zote tatu juu ya sharti hili moja la kibali cha kutumia uwanja, pikapu haitakuwa na pa kukimbilia.

Mhudumu wa afya ana nafasi yake katika hili, nayo ni kuandika. Katika kitabu cha wagonjwa cha MTUHA mtoto huyu ataonekana kama mvunjiko wa mkono, sawa na aliyeanguka kutoka kwenye mwembe. Ongeza maneno machache kwenye maelezo ya mgonjwa: chombo alichokuwa akichezea, mahali, saa, kama kulikuwa na upepo, na kama msimamizi alikuwapo. Maelezo hayo yakikusanywa kutoka Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mount Meru na vituo vya afya vinavyoizunguka, halmashauri na ofisi ya OSHA zitakuwa na kitu cha kushika mkononi badala ya fununu.

Kuhusu matibabu, mvunjiko wa juu ya kiwiko usichukuliwe kama mvunjiko wowote. Pima mapigo ya mshipa kwenye kifundo cha mkono, tazama rangi na joto la vidole, mwambie mtoto akunje na kukunjua vidole, kisha rudia vipimo hivyo baada ya kufunga kiegemeo. Usijaribu kuunyoosha mkono. Mapigo yakikosekana, au maumivu yakizidi kila vidole vinaponyooshwa, mpeleke haraka kwenye hospitali yenye daktari wa mifupa. Aliyeangukia kichwa au shingo asiinuliwe kwa kushikwa makwapa. Shingo ishikiliwe isicheze hadi apimwe.

Mzazi naye, mtoto akirudi nyumbani na hogo, atazame vidole asubuhi na jioni kwa siku za mwanzo. Vikivimba sana, vikiwa baridi au vya buluu, au mtoto akilia kwa maumivu yasiyotulizwa na dawa, arudishwe hospitali usiku huohuo. Asingojee kliniki, wala asipelekwe kwa muunga mifupa akafungwe vijiti vya kubana, kwa sababu kubana ndiko kunakoukosesha mkono damu. Na siku ya kukodi jumba kwa sherehe ya nyumbani, kabla ya kuulizia bei, muulize mwenye nalo litafungwa kwa vigingi vingapi, na nani atakaa nalo hadi mwisho.