Vyeti Unavyo, Mwajiri Havioni? Vidokezo 6 vya Kuvianika

Ada umelipa kwa kudunduliza, mtihani umefaulu, nyumbani wakapiga vigelegele. Kisha cheti kikaingia kwenye bahasha ya kaki, bahasha ikaingia kabatini. Sasa simu haiiti! Usikate tamaa, ndugu msomaji. Kazi iliyobaki ni ya jioni moja.

1. Kipandishe juu!

Kama tangazo linadai CPA (uhasibu), PMP (usimamizi wa miradi) au CCNA (mitandao ya kompyuta), herufi hizo zikae pembeni ya jina lako kwenye CV, si ukurasa wa tatu jirani na wadhamini. LinkedIn nayo inakupa nafasi ya herufi 220 chini ya jina. Wengi huandika "Natafuta kazi" wakaishia hapo. Jamani, nani anayetafuta mfanyakazi kwa maneno hayo? Mwajiri huandika jina la ujuzi. Basi andika: "Fundi umeme wa viwandani, VETA, mota na paneli." Umeshaonekana.

2. Mpe njia ya kuhakiki

Aliyeumwa na nyoka akiona ukuti hushtuka, na waajiri wameumwa kweli. Mwaka 2017, uhakiki wa serikali ya Tanzania uliwabaini watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Kwa hiyo mtu akikitilia shaka cheti chako, usinune, mrahisishie. Andika jina la cheti kwa kirefu, taasisi iliyokitoa, mwezi na mwaka, na namba yake. Vyeti vingi vya mtandaoni, kama vya Coursera, vina kiungo cha kuvithibitisha. Kibandike kwenye CV, halafu ukijaribu kwa simu ya rafiki. Kikigoma kwake, kitagoma na kwa mwajiri.

3. Kila cheti na kazi yake

Hapa ndipo wengi wanapopoteza nafasi, na ndipo wewe utakapowapita! Cheti kinasema ulifaulu. Mwajiri anataka kujua unakitumia kufanyia nini. Tazama tofauti. Wa kwanza ameandika: "Cheti cha Google cha uchambuzi wa data." Wa pili ameandika: "Cheti cha Google cha uchambuzi wa data, nimetengeneza jedwali la mauzo ya duka la dawa linaloonyesha dawa zipi huisha kabla ya mwisho wa mwezi." Wewe ungemwita nani kwenye usaili? Huna ajira bado? Duka la shangazi lina mauzo, kikundi cha VICOBA kina daftari la marejesho, msikiti na kanisa vina orodha ya michango. Omba ruhusa, fanya kazi moja ndogo ukaimalize, kisha iandike kwa mstari mmoja chini ya cheti. Cheti na mstari huo vikikaa pamoja, usaili unakuwa mazungumzo ya kazi, maana swali la kwanza litakuwa: "Hebu tueleze hilo jedwali."

4. Chuja bila huruma

Semina ya nusu siku ya mwaka 2015? Ipumzishe. Soma tangazo, pigia mstari wanachotaka, chagua vyeti vinavyojibu hayo. Angalia na tarehe: CCNA hudumu miaka 3, na mwenye PMP hutakiwa kukusanya pointi 60 za mafunzo kila miaka 3. Bado unasoma? Sema hivyo hivyo: "CPA(T), ngazi ya mwisho, mtihani wa Novemba." Mtu aliye njiani naye anaajiriwa. Na wewe uliyejifunzia ufundi gereji, VETA ina utaratibu wa kupima na kurasimisha ujuzi uliopatikana kazini. Ulizia kituo kilicho karibu.

5. Jina moja kila mahali

Cheti kinasema Asha, kitambulisho cha NIDA kinasema Aisha. Herufi moja tu, na maombi yanakwama! Nenda kwa wakili upate hati ya kiapo kabla tangazo halijatoka. Safari hiyohiyo, mpe na nakala za vyeti akuthibitishie, maana ukiomba kazi serikalini kupitia Ajira Portal zitatakiwa. Skani kila kimoja vizuri, na faili liitwe kwa jina lako na la cheti. "IMG_2047" halimwambii mtu kitu.

6. Tangaza, lakini jilinde

Umefaulu? Waambie watu! Sentensi tatu LinkedIn au kwenye kundi la WhatsApp la wanataaluma zinatosha: umesomea nini, unaweza kufanya nini, unatafuta kazi ya aina gani. Ukiweka picha ya cheti, ficha namba yake na tarehe ya kuzaliwa. Namba mpe mwajiri mwenyewe. Cheti halisi kipeleke kwa mkono wako siku ya usaili, urudi nacho. Na akitokea "wakala" anayetaka utume hela ili cheti chako kihakikiwe, kata simu. Mwajiri wa kweli hamlipishi mwombaji.