Kufundisha Asili ya Madini: Mfano wa Tanzanaiti

Katika somo la madini, mara nyingi wanafunzi hukariri rangi na bei ya jiwe, wasijue lilivyotokea. Tutumie mfano wa tanzanaiti, iliyogunduliwa mwaka 1967 huko Mererani, mahali palipo sasa katika Mkoa wa Manyara.

Kwanza, tabia zake. Tanzanaiti ni silikati yenye kalsiamu na alumini, na vanadi kidogo ndiyo huipa rangi. Likigeuzwa kwenye mwanga, jiwe lilelile huonekana la buluu, kisha la zambarau. Mengi huchimbwa yakiwa ya kahawia, na buluu hujitokeza baada ya kuchomwa moto. Basi rangi peke yake haitoshi kuyatambulisha madini.

Pili, asili yake. Zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, mabara yaliposukumana, miamba yenye kinywe ilikandamizwa kwa joto kali ardhini. Maji ya moto yenye madini yakapenya nyufani, na fuwele zikajijenga humo.

Tatu, zoezi. Hatuhitaji kito cha thamani darasani. Mwalimu aviringishe kingo za kipande cha kioo kwa kitambaa, kisha wanafunzi wakikwaruze kwa kwatzi, yenye ugumu wa 7. Tuwaeleze kuwa ugumu wa tanzanaiti ni kati ya 6 na 7, na kwamba mchanga mwingi ni kwatzi. Ndipo tuulize: kwa nini mchanga huharibu pete ya tanzanaiti? Atakayejibu kwa sababu, huyo ameelewa, hakukariri.