Mdogo Wangu, Usinyamaze Ndani ya Matatu

Wadogo zangu, likizo hii wengi mmeniuliza jambo moja: dereva akianza kukimbiza gari kwenye barabara kuu, abiria afanye nini? Mmoja wenu alitoka Nairobi hadi Eldoret akiwa amefumba macho, akisali kimoyomoyo, kwa sababu aliona haya kusema mbele ya watu wazima. Namwelewa. Tumelelewa kuwaheshimu wakubwa, na madereva wengi ni rika la baba zetu. Lakini kuomba upunguziwe mwendo si utovu wa adabu.

Muhimu ni kusema mapema. Ukingoja hadi mteremko wa Salgaa, kwenye barabara hiyo ya Eldoret, malori yakiwa mbele na nyuma yenu, umeshachelewa. Magari ya abiria Kenya hayaruhusiwi kupita kilomita 80 kwa saa, na hata kwa mwendo huo gari linakata mita 22 kila sekunde. Likifika 120 linakata mita 33. Sasa mfikirie dereva anayeovateki lori kwenye kona asiyoiona mwisho wake: atarudi upande wake saa ngapi? Alfajiri ya tarehe 31 Desemba 2017, basi na lori viligongana uso kwa uso pale Migaa, karibu na Sachang'wan. Watu 36 walikufa.

Na msidhani sauti ya abiria ni kelele za bure. Mwaka 2008, watafiti James Habyarimana na William Jack wa Chuo Kikuu cha Georgetown walibandika stika ndani ya matatu za safari ndefu hapa Kenya, za kuwahimiza abiria wamkemee dereva anayeendesha ovyo. Hawakugusa injini wala barabara. Madai ya bima katika matatu hizo yalipungua kwa nusu au zaidi. Mimi jambo hili linanipa moyo kuliko kizuizi chochote cha polisi.

Basi unasemaje? Usianze kwa matusi. Dereva aliyeudhika hukanyaga mafuta zaidi. Mwambie kwanza jirani yako, "Mama, huu mwendo unauonaje?" Mkishakuwa wawili, sema kwa sauti ya kusikika: "Dereva, tafadhali punguza, hatuna haraka." Mara nyingi utasikia wengine nyuma wakiitikia, maana walikuwa wakimngoja wa kuanza. Akikaidi, mwambieni kondakta awashushe penye watu na mwanga, kisha pigeni ripoti kwa sacco yao na kwa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, mkiwa na namba ya gari.

Kuna na lile la mikanda, ambalo linaniuma sana. Kondakta anaita, "Fungeni mikanda, polisi mbele!" Watu wanapapasa chini ya viti, huyu anavuta mkanda ulioliwa na vumbi, yule anaushika tu mapajani bila kuufunga. Kizuizi kikipita, yote inaachiliwa. Tangu kanuni za matatu za John Michuki, waziri wa wakati huo, zilipoanza kutekelezwa mwaka 2004, mkanda ni haki yako katika kila kiti. Ukikuta haufungi, dai kiti kingine au subiri gari lingine.

Na wewe unayepiga kelele "Dere, kanyaga, tumechelewa!", nakuomba uache. Ondoka nyumbani mapema.