Nani Huchagua Mitambo ya Simu?

Wengi wetu hudhani kwamba nchi ikitaka kujenga minara ya simu za mkononi, mafundi hupima mitambo, huuliza bei, kisha hununua iliyo bora. Nami nilidhani hivyo, mpaka niliposoma mambo yaliyoipata Uingereza mwaka 2020.

Huko kampuni za simu zilikuwa zimekwisha kufunga mitambo mingi ya Huawei ya China, maana bei yake ilikuwa nafuu. Marekani, iliyokuwa na ugomvi wa biashara na China, iliwaonya Waingereza kwamba mitambo hiyo yaweza kutumiwa kwa upelelezi, Huawei wakakana. Januari 2020 Serikali ya Uingereza ikakata shauri: Huawei wasiguse kiini cha mtandao, yaani mahali simu zote zinapoelekezwa, wala wasizidi sehemu 35 katika 100 za mitambo ya minarani.

Mwezi wa Mei Marekani ikatoa amri: kiwanda cho chote duniani kitumiacho mashine au programu za Kimarekani kisiwatengenezee Huawei chipu walizozibuni bila kibali. Chipu ni kijipande cha silikoni kilicho kama ubongo wa mtambo. Basi mabingwa wa Uingereza wakaona kuwa hawataweza tena kuudhamini usalama wa mitambo itakayotiwa chipu za kwingine. Tarehe 14 Julai shauri likageuka: baada ya tarehe 31 Desemba mtu asinunue mtambo mpya wa Huawei wa kizazi cha tano, na iliyopo iondolewe kabla ya mwaka 2027 kwisha.

Mitambo iliyokwisha kufungwa haikubadilika hata msumari mmoja tangu Januari. Kilichobadilika ni sheria ya biashara ya nchi nyingine. Nayo haikuwa kazi rahisi, kwa kuwa mtambo wa kizazi cha tano kwa kawaida ulisikilizana na ule wa kizazi cha nne wa mtengenezaji yule yule. Aking'oa mmoja, fundi hung'oa na wa pili. Serikali yenyewe ilikadiria gharama kufika pauni milioni 2,000, na kuchelewa miaka miwili au mitatu.

Rafiki yangu wa bwenini ashikilia kwamba taifa tajiri kama lile lingaliweza kutumia mitambo ya kwake. Nikamwambia kwamba mwaka 2005 BT, kampuni kubwa ya simu ya huko, ilipochagua wauzaji wa mtandao wake mpya, iliiacha Marconi ya kwao ikaichukua Huawei pamoja na wengine. Mwaka uo huo Ericsson wa Sweden wakapatana kuinunua sehemu kubwa ya Marconi. Akasema atafikiri. Bado namngoja.