Siku mbili kambini Kolo bila friji: tupike nini?

SWALI: Agosti tutapiga kambi Kolo, Kondoa, tukaone michoro ya miambani. Tuna watoto watatu, hatuna friji. Tubebe chakula gani, tusiishie biskuti na soda?
Mama Neema, Dodoma

JIBU: Mama Neema, panga kwa kanuni moja: kinachoharibika haraka kiliwe kwanza. Siku ya kwanza mchana, kula nyama uliyoipika na kuikausha vizuri alfajiri. Jioni pika ugali wa mtama, mlenda wa unga na dagaa wakavu. Vyote havihitaji ubaridi. Kesho yake asubuhi, uji wa uwele wenye karanga zilizosagwa na ubuyu; mchana, wali kwa choroko, ambazo huiva haraka kuliko maharage na kuokoa kuni.

Vitafunio viwe zabibu za Dodoma, machungwa na viazi vitamu vya kuchemsha. Aliye chini ya miaka mitano asipewe karanga nzima, zinapalia. Na zabibu mkatie vipande.

Pika kinachotosha mlo mmoja: kiporo cha wali au mboga kisikae joto zaidi ya saa mbili. Maji ya kunywa beba lita tatu kwa kila mtu kwa siku, ya kupikia na kunawa kando.