Kupima Nadharia Tete: Je, ni Bahati Tu?

Nadharia tete ni dai linalosubiri kupimwa. Watahiniwa wengi huikariri maana hiyo vizuri. Kazi huanza wanapopewa takwimu na kutakiwa kutoa uamuzi.

Chukua sarafu ya shilingi 100, ile yenye picha ya Mwalimu Nyerere, mwana wa Butiama. Rafiki yako pale stendi ya Bunda anadai kuwa sarafu yake huonyesha picha mara nyingi kuliko kawaida. Hatuanzi kwa kumwamini. Tunaanza kwa kudhani kwamba sarafu haina upendeleo, yaani uwezekano wa picha ni ½. Dhana hii ya "hakuna kitu" ndiyo nadharia tete sifuri, H₀. Dai la rafiki yako ni nadharia tete mbadala, H₁. Kisha tunauliza: kama H₀ ni kweli, uwezekano wa kupata matokeo kama haya, au yanayolipa dai nguvu zaidi ya haya, ni kiasi gani? Ukiwa chini ya kiwango tulichoweka kabla ya kurusha sarafu, kwa kawaida 0.05, tunaikataa H₀. Usipopungua hapo, hatuikatai.

Njia hiyohiyo hutumika kwenye mambo ya uhai na kifo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti walichukua jamii 12 katika mkoa jirani wa Mwanza, wakazipanga katika jozi 6 za maeneo yanayofanana, kwa mfano mwambao wa ziwa kwa mwambao wa ziwa. Katika kila jozi, jamii moja ilichaguliwa kwa bahati nasibu iboreshewe matibabu ya magonjwa ya zinaa. Matokeo yalichapishwa mwaka 1995: baada ya miaka 2, maambukizi mapya ya VVU yalikuwa 1.2% kwenye jamii zilizoboreshewa huduma na 1.9% kwenye zile nyingine. Na katika jozi zote 6, jamii yenye huduma bora ilikuwa na maambukizi machache.

H₀: huduma haikupunguza maambukizi.
H₁: huduma ilipunguza maambukizi.

Kama H₀ ni kweli, kila jozi ni sarafu: uwezekano wa jamii yenye huduma kuwa na maambukizi machache ni ½. Kwa jozi zote:

(½)⁶ = 1/64 ≈ 0.016

Ni chini ya 0.05, kwa hiyo tunaikataa H₀. Watafiti wenyewe, kwa hesabu ndefu zaidi, walipata 0.007.

Hapa ndipo alama hupotea. Hiyo 0.016 si uwezekano kwamba H₀ ni kweli; ni uwezekano wa matokeo haya *iwapo* H₀ ni kweli. Vilevile, kutoikataa H₀ si kuithibitisha. Jaribio la Rakai, Uganda, lililochapishwa mwaka 1999, lilipata maambukizi mapya 1.5 kwa kila watu 100 kwa mwaka pande zote mbili. Huwezi kuhitimisha kwamba kutibu magonjwa ya zinaa hakusaidii popote, maana Rakai dawa ziligawiwa kwa watu wote kwa awamu, tofauti na huduma ya kila siku ya Mwanza.

Zoezi

(a) Mkulima wa Butiama ana jozi 5 za vitalu vya mahindi. Katika kila jozi, sarafu iliamua kitalu cha kuwekwa samadi. Vitalu vya samadi vilizaa zaidi katika jozi 4. Toa uamuzi kwa kiwango cha 0.05.

(b) Wanafunzi wa Musoma wanataka kurudia jaribio hilo kwa jozi 4 tu. Washauri.

Majibu

(a) Jozi 4 au zaidi: 5/32 + 1/32 = 6/32 ≈ 0.19. Hatuikatai H₀. Aliyeandika 5/32 amefika kwenye uamuzi uleule, ila amesahau "au zaidi".

(b) Hata jozi zote 4 zikikubali, 1/16 = 0.0625, na H₀ haitakataliwa. Waongeze jozi ya tano kabla ya kupanda: 1/32 ≈ 0.031.