Namba za Peugeot zina maana gani?

SWALI: Baba alikuwa na Peugeot 404, kisha 504. Leo naona 208 na 3008. Je, ni ukubwa wa injini?

JIBU: Hapana, injini haihusiki, 404 ya baba yako ilikuwa ya lita 1.6 tu. Tarakimu ya kwanza ni ukubwa wa gari: 2 ni dogo, 5 ni kubwa. Ya mwisho ni kizazi. Ndiyo maana 504 ya mwaka 1968 ilifuatwa na 505 mwaka 1979, na 205 ikaja kuzaa 206, 207 na 208. Magari marefu ya kwenda juu, kama 3008, yaliongezewa sifuri moja.

Utaratibu huo ulianza na 201 ya mwaka 1929, na Wafaransa hawa wameulinda kwa wivu. Mwaka 1963 Porsche walionyesha gari jipya huko Frankfurt, wakaliita 901. Peugeot wakapinga: namba ya tarakimu tatu yenye sifuri katikati ni haki yao Ufaransa. Porsche wakabadilisha sifuri kuwa moja, na 911 ikazaliwa. Kwangu mimi, hakuna ugomvi wa majina uliozaa jina zuri kuliko hilo.

Ila usihesabu vizazi kwa magari mapya: 208 ya mwaka 2019 ilichukua nafasi ya 208 iliyotangulia, kwa sababu kampuni iliamua kusimama kwenye nane.